Namna ya Kupima Kama Chama Tawala Kinamtumikia Mfanyakazi wa Kawaida

Jina la chama halithibitishi kitu. Mwaka 1984 chama cha Labour, yaani chama cha wafanyakazi, kilishika serikali ya New Zealand. Kufikia 1988 kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kilikuwa kimeshushwa kutoka asilimia 66 hadi 33, na katikati ya hapo, Oktoba 1986, ikaanza kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 10 iliyomgusa kila mnunuzi. Miaka mia moja kabla yake, Otto von Bismarck wa Ujerumani, mhafidhina aliyepiga marufuku jumuiya na magazeti ya wasoshalisti, ndiye aliyepitisha bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali kazini mwaka 1884 na pensheni ya uzee mwaka 1889.

Kwa hiyo usianze na rangi ya bendera wala wimbo wa chama. Anza na maswali mawili. La kwanza: tangu chama hiki kiingie, mfanyakazi anapata nini zaidi, mkononi na katika huduma? La pili: je, ana nguvu zaidi ya kudai, kukataa na kujitetea mbele ya mwajiri na mbele ya serikali yenyewe? Bismarck alijibu swali la kwanza na kulikandamiza la pili. Sisi tunaliwekea swali la pili uzito mkubwa zaidi, kwa sababu alichopewa mtu asiye na nguvu ya kukilinda hupunguzwa kimyakimya katika bajeti ijayo, na yeye hana pa kulalamika.

Amua unampima nani, na kuanzia lini

"Mwananchi wa kawaida" ni neno pana mno; kila chama kitapata mmoja wa kumsimamisha jukwaani. Andika watu watatu kwenye karatasi kabla ya kugusa takwimu yoyote: mwajiriwa wa sekta binafsi anayelipwa kima cha chini, mtumishi wa umma wa ngazi za chini, na mtu asiye na mkataba, yaani kibarua, mchuuzi au fundi anayejitegemea. Huyo wa tatu usimwache hata kama takwimu zake ni chache. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2018 yalionesha kuwa watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wote wanaofanya kazi duniani, wako katika ajira isiyo rasmi. Katika nchi nyingi, tathmini inayomwangalia mwenye hati ya mshahara peke yake inaliacha nje kundi kubwa kuliko yote.

Kisha weka kipindi. Mwaka wa mwanzo uwe mwaka kamili wa mwisho wa serikali iliyotangulia, kwa kuwa bajeti ya kwanza ambayo chama kipya huitekeleza mara nyingi iliandikwa na waliotoka. Mwaka wa mwisho uwe wa karibuni wenye hesabu zilizokaguliwa. Usipime kwa mwaka wa uchaguzi peke yake. Nyongeza za mishahara, kupandishwa vyeo na kulipwa malimbikizo huwa na tabia ya kurundikana miezi kumi na miwili ya mwisho kabla ya kura. Ukikuta nyongeza moja kubwa baada ya miaka minne mikavu, hesabu pia alichopoteza mfanyakazi katika miaka hiyo minne. Nyongeza ya mwisho haikirudishi.

Mshahara: hesabu unanunua nini

Tafuta vitu viwili: amri za kima cha chini zilizotangazwa katika gazeti la serikali, na fahirisi ya bei za mlaji, yaani namba inayopima kupanda kwa bei za vitu ambavyo watu hununua, inayotolewa na ofisi ya takwimu. Hesabu ni hii: mshahara wa sasa, zidisha kwa fahirisi ya mwaka wa mwanzo, gawanya kwa fahirisi ya sasa.

Tuseme mshahara ulikuwa 200 na sasa ni 240, na fahirisi imepanda kutoka 100 hadi 130. 240 × 100 ÷ 130 = 184.6. Waziri atasema mshahara umepanda kwa asilimia 20, na hatakuwa amesema uongo. Lakini anachoweza kununua mfanyakazi yule kimepungua kwa karibu asilimia 8.

Usiishie hapo. Fahirisi ya kitaifa inachanganya matumizi ya tajiri na ya maskini. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionesha kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini ndivyo chakula kinavyochukua sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake, na hilo limeendelea kuthibitika karibu kila mahali. Chukua utafiti wa matumizi ya kaya wa nchi husika, tafuta kundi la kipato cha chini, utengeneze fahirisi yako. Kwa mfano, chakula nusu ya matumizi, pango asilimia 20, nauli 15, mengine 15. Kama chakula kimepanda kwa asilimia 40, pango 30, nauli 35 na mengine 15, zidisha kila kimoja kwa uzito wake: 20 + 6 + 5.25 + 2.25 = 33.5. Sasa gawanya upya: 240 × 100 ÷ 133.5 = 179.8. Hasara imefika asilimia 10.

Mambo matatu huharibu hesabu hii. La kwanza ni kubadilishwa kwa mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao fahirisi huhesabiwa kuwa 100. Ofisi za takwimu huanza mfululizo mpya kila baada ya miaka kadhaa, na asiyejua huona bei "zimeshuka" kutoka 160 hadi 100. Zimeshuka kwenye karatasi tu. Tafuta mwezi ambao mifululizo yote miwili inaonekana. Kama wa zamani unasoma 160 na mpya 100, zidisha namba zote za mfululizo mpya kwa 1.6 ndipo uendelee. La pili ni posho. Serikali inaweza kuacha mshahara wa msingi ulivyo na kuongeza posho. Mtumishi anapata fedha zaidi leo, lakini pale mafao yanapokokotolewa kwa mshahara wa msingi, uzeeni atajikuta amebaki palepale. Andika mshahara wa msingi na posho katika safu mbili tofauti. La tatu ni wastani. Watu watano wanaolipwa 10, 10, 12, 13 na 15 wana wastani wa 12. Mmoja tu, yule wa 15, akianza kulipwa 65, wastani unaruka hadi 22, ilhali mtu wa katikati bado analipwa 12. Siku zote ulizia mshahara wa mtu wa katikati, yaani mediani. Ukipewa wastani pekee, andika pembeni kwamba takwimu hiyo haimsemei mtu wako.

Angalia pia kama kiwango kimefungwa na kanuni inayokisogeza kila mwaka, au kinangoja hisani. Marekani, kima cha chini cha shirikisho kimesimama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na tangu hapo vyama vyote viwili vikubwa vimeshika Ikulu. Poland ilianzisha posho ya watoto ya zloty 500 kwa mwezi mwaka 2016. Ilikuwa msaada wa kweli kwa familia nyingi, lakini kiwango kilikaa vilevile hadi kilipopandishwa kuwa 800 mwaka 2024, huku bei zikiendelea kupanda. Posho isiyo na kanuni ya kupanda hupunguzwa bila kura yoyote kupigwa bungeni.

Takwimu za ajira zisome kwa uangalifu. Kwa vigezo vya kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya malipo au faida saa moja tu katika wiki ya utafiti anahesabiwa kuwa ana ajira. Kwa hiyo ukosefu wa ajira unaweza kuonekana mdogo huku watu wakihangaika na vibarua vya siku mbili kwa wiki. Omba takwimu za saa za kazi na za wanaotaka kazi zaidi wakaikosa. Na chama kikitangaza ajira ambazo "zimezalishwa", uliza ngapi zimepotea katika kipindi hichohicho, na ngapi zilikuwa za miezi sita kwenye mradi wa ujenzi.

Kodi na makato: nani amebebeshwa

Fungua taarifa ya mwaka ya mamlaka ya mapato na ugawanye makusanyo katika mafungu manne: kodi ya mishahara, kodi ya faida za makampuni, kodi za manunuzi pamoja na ushuru wa mafuta na bidhaa, na mengineyo. Linganisha mwaka wa mwanzo na wa mwisho. Kama fungu la kampuni limepungua na la manunuzi limevimba, mzigo umehamia kwa mlaji, hata kama hotuba ya bajeti ilisomwa kama "bajeti ya wananchi".

Halafu tazama kikomo cha mshahara usiotozwa kodi. Hapa ndipo serikali nyingi hukusanya bila kutangaza lolote. Chukua kikomo cha 100 na mshahara wa 110, kiwango asilimia 20. Kodi ni 2, chini kidogo ya asilimia 2 ya mshahara. Bei zikipanda kwa asilimia 30 na mshahara ukafuata hadi 143 huku kikomo kikiachwa 100, kodi inakuwa 8.6, yaani asilimia 6 ya mshahara. Uwezo wake wa kununua kabla ya kodi haujaongezeka hata kidogo, lakini sehemu inayochukuliwa imekua mara tatu, na hakuna sheria mpya iliyopitishwa.

Tafuta pia jedwali la misamaha ya kodi. Nchi nyingi hulitoa kama kiambatisho cha bajeti au ndani ya ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Liweke kando ya fedha za zahanati na shule. Msamaha si dhambi kwa wenyewe. Msamaha wa vifaa vya hospitali unamfikia mgonjwa. Kinachotakiwa ni jina la aliyepewa, muda wa msamaha, na ajira alizoahidi pamoja na mishahara yake. Isipotajwa hata moja kati ya hizo, hesabu msamaha huo upande wa hasara.

Bajeti yenyewe isome upande wa matumizi halisi. Makadirio ni ahadi. Nakala unayoihitaji ni taarifa ya utekelezaji au ripoti ya ukaguzi, ambayo kwa kawaida hutoka mwaka mmoja au zaidi baadaye. Kila fungu ligawanye kwa mfumuko wa bei, kisha kwa ongezeko la watu. Fedha za afya zilizopanda kutoka 100 hadi 130, wakati bei zimepanda kwa asilimia 20 na watu wameongezeka kwa asilimia 9, ni 130 ÷ 1.2 ÷ 1.09 = 99.4. Hakuna kilichoongezeka kwa kila mgonjwa.

Sheria ya kazi: hapa kaa muda mrefu

Mshahara unaweza kupanda kwa sababu bei ya mafuta au madini duniani ilikuwa nzuri. Sheria ya kazi haiandikwi na soko la dunia. Inaandikwa na wabunge ambao wengi wao ni wa chama tawala. Kwa hiyo ndiyo ushahidi safi kuliko wote wa nia ya chama.

Kusanya kila marekebisho ya sheria ya ajira na ya vyama vya wafanyakazi yaliyopitishwa ndani ya kipindi chako. Usisome dibaji, ambayo huwa tamu siku zote. Nenda kwenye vifungu hivi: mkataba wa muda unaweza kurudiwa mara ngapi kabla mtu hajawa wa kudumu, nani anawajibika mfanyakazi anapoletwa na wakala, mzigo wa kuthibitisha sababu ya kufukuzwa uko kwa nani, fidia ya aliyefukuzwa isivyo halali ni mishahara ya miezi mingapi, wafanyakazi wangapi wanahitajika kusajili chama, mwajiri analazimika au halazimiki kukaa mezani nacho, ada ya chama inakatwa namna gani.

Mgomo unahitaji sehemu yake. Karibu kila sheria inautaja kama haki, kisha inauzungushia masharti. Hesabu siku: siku za kutoa notisi, siku za usuluhishi, siku za kura, siku za kusubiri waziri. Zikizidi miezi miwili au mitatu, mwajiri ana muda wa kutosha wa kulimbikiza bidhaa na kutafuta watu wengine. Kisha soma orodha ya "huduma muhimu" ambazo watumishi wake hawaruhusiwi kugoma. Vyombo vya usimamizi vya ILO vinazitambua kuwa ni zile ambazo kusimama kwake kunahatarisha uhai, usalama au afya ya watu: hospitali, umeme, maji, zimamoto, kuongoza ndege. Elimu, bandari, benki na usafiri wa kawaida kwa jumla hazimo. Serikali inayoongeza walimu, mabenki na bandari katika orodha hiyo imewanyang'anya watu hao silaha yao pekee halali, na hilo liandikwe wazi.

Uhuru wa chama cha wafanyakazi nao upimwe kwa matendo. Nani anamchagua katibu mkuu wake? Je, mtu mmoja anaweza kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi na mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala? Tanganyika mwaka 1964 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la TFL lilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kilichofungwa na TANU, chama tawala. Serikali iliyofanya hivyo ilijali kwa dhati elimu na afya ya watu wake. Bado mfanyakazi aliyekuwa na ugomvi na serikali alibaki bila chombo kisicho cha serikali cha kumsemea. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na tathmini nzuri inayaandika yote mawili.

Kwa upande wa kimataifa, angalia mikataba ya ILO ambayo nchi imeridhia: namba 87 ya 1948 juu ya uhuru wa kujiunga, 98 ya 1949 juu ya majadiliano ya pamoja, 81 ya 1947 juu ya ukaguzi wa kazi, 102 ya 1952 juu ya hifadhi ya jamii, 189 ya 2011 juu ya wafanyakazi wa nyumbani, 190 ya 2019 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Hifadhidata ya NORMLEX ya shirika hilo inaonesha tarehe za kuridhia, na pia malalamiko yaliyopelekwa mbele ya Kamati ya Uhuru wa Kujiunga, iliyoanza mwaka 1951. Kamati hiyo hupokea malalamiko hata dhidi ya nchi ambayo haijaridhia mkataba wa 87. Kuridhia peke yake usikupe alama nyingi. Tafuta sheria ya ndani iliyobadilishwa baada ya kuridhia. Kama haipo, sahihi ile ilikuwa ya picha.

Na kuna mtego ambao huwanasa hata waandishi wazoefu: sheria imepitishwa, imesainiwa, imeshangiliwa, lakini haijaanza kutumika. Vifungu vingi husubiri waziri atangaze tarehe, au kanuni zitungwe. Tafuta tangazo la tarehe ya kuanza na kanuni zenyewe, vyote kwa namba zake. Sheria iliyokaa miaka mitatu bila kanuni ihesabu kama haipo.

Nani anakagua, na nini humpata anayevunja

Haki isiyokaguliwa inamfaa mwajiri mwema tu, na mwajiri mwema hakuhitaji sheria. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na bado watu waliamriwa kuingia kazini. Sheria za majengo na za viwanda zilikuwapo.

Tafuta idadi ya wakaguzi wa kazi, au maafisa kazi kama wanavyoitwa kwingine. Vipimo ambavyo ILO imekuwa ikivitumia ni mkaguzi mmoja kwa wafanyakazi 10,000 katika nchi zenye viwanda vingi, 15,000 katika zinazoinukia kiviwanda, na 40,000 katika nchi maskini zaidi. Gawanya idadi ya wafanyakazi kwa idadi ya wakaguzi uone nchi iko wapi, kisha uone kama uwiano umekuwa bora au mbaya tangu chama kiingie. Uliza pia bajeti yao ya mafuta ya gari. Mkaguzi asiye na usafiri hukagua maeneo ambayo mwajiri mwenyewe anamtumia gari, na ripoti inayotoka hapo unaweza kuikisia.

Baada ya hapo pima faini. Mwajiri mwenye watu 100 akimpunja kila mmoja 5 kwa mwezi anaokoa 500 kwa mwezi, 6,000 kwa mwaka. Kama faini ya juu ni 1,000, na uwezekano wa kukamatwa ni mmoja kati ya kumi, kuvunja sheria ni biashara nzuri kabisa. Faini nyingi ziliandikwa kwa fedha taslimu miongo iliyopita na hazijaguswa. Angalia chama tawala kimezipandisha lini mara ya mwisho. Malizia na mahakama au tume ya kazi: shauri la kufukuzwa linachukua miezi mingapi hadi hukumu, na hukumu ngapi zimetekelezwa. Aliyeachishwa kazi hana akiba ya kusubiri miaka miwili, kwa hiyo ucheleweshaji humlazimisha kukubali robo ya haki yake nje ya mahakama.

Usisahau namna serikali yenyewe inavyofanya siku ya mgomo. Afrika Kusini ilipitisha Sheria ya Mahusiano Kazini mwaka 1995, sheria inayolinda haki ya kugoma, chini ya chama tawala cha ANC, mshirika wa muungano wa vyama vya wafanyakazi wa COSATU. Tarehe 16 Agosti 2012, chini ya ANC hiyohiyo, polisi waliwaua wachimba madini 34 waliokuwa wamegoma Marikana. Tengeneza orodha ya migomo mikubwa ya kipindi chako, na kwa kila mmoja andika polisi walifanya nini, nani alikamatwa, nani alifukuzwa, na mazungumzo yaliishia wapi. Kwa wachuuzi, andika bomoabomoa: walipewa notisi ya siku ngapi, walioneshwa eneo gani, na bidhaa zilizochukuliwa zilirudishwa au la.

Kura, fedha na viti

Kumbukumbu rasmi za bunge, Hansadi, zinaonesha nani alisema nini na, pale kura zilipohesabiwa, nani alipiga ipi. Miswada mingi hupita kwa sauti ya "ndiyo", hivyo majina hayapatikani; hapo tumia marekebisho yaliyopendekezwa. Angalia ni mapendekezo gani yanayowahusu wafanyakazi yaliletwa na yakakataliwa, na waziri alitoa sababu gani. Angalia pia miswada binafsi iliyokufa kwenye kamati bila kusomwa. Kisichopitishwa kinasema mengi.

Kwa fedha za chama, soma hesabu zake pale sheria inapolazimisha zitangazwe, na bei ya fomu ya kugombea. Fomu inayogharimu mishahara ya mwaka mzima ya kibarua imeshachuja nani anaweza kuwa mgombea. Halafu tazama mfuko wa hifadhi ya jamii: wawakilishi wa wafanyakazi ni wangapi kwenye bodi, wanateuliwa na nani, na serikali inadaiwa kiasi gani na mfuko huo. Deni hilo ni fedha za wastaafu zilizokopwa bila wao kuulizwa, na mara nyingi linaonekana katika ripoti ya mkaguzi mkuu kabla halijaonekana mahali pengine popote.

Kutenganisha kazi ya chama na bahati

Bei ya mafuta, ukame, janga la ugonjwa na masharti ya wakopeshaji hubadilisha maisha ya wafanyakazi bila chama kupenda. Njia rahisi ya kuchuja ni kuchagua nchi mbili au tatu zenye uchumi unaofanana na kufanya hesabu ileile ya mshahara halisi kwa miaka ileile. Mshahara ukishuka kwa asilimia 10 kwenu na kwa 12 kwa wenzenu, serikali huenda ilipunguza maumivu. Ukishuka kwa 10 kwenu na kupanda kwa 3 kwao, kisingizio cha dunia hakitoshi. Kigezo kingine ni nani aliombwa kujifunga mkanda wakati wa shida: mishahara ilisimamishwa, je, na malipo ya viongozi yalisimamishwa pia?

Upande wa sifa nako kuwe na haki. Ufaransa mwaka 1936, chini ya serikali ya muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, wafanyakazi walipata wiki ya saa 40 na likizo ya wiki mbili yenye malipo. Mafanikio hayo yalikuja baada ya wimbi kubwa la migomo ya kukalia viwanda, kwa hiyo sehemu ya sifa ni ya waliogoma. Saa 40 zililegezwa mwaka 1938. Likizo yenye malipo ilibaki. Kwa kila jema unaloliandika, uliza nani alilidai kwanza, na kama linaweza kusimama chama kikiondoka. Jema lililomo kwenye sheria, lenye fungu la fedha na chombo huru cha kulisimamia lina uhai mrefu. Lililotolewa kwa tamko la kiongozi mkutanoni linaweza kufutwa kwa tamko jingine.

Kuandika hukumu

Usiandike "chama kinawajali" au "hakiwajali". Andika kwa kila mmoja wa wale watu watatu: amepata nini, amepoteza nini, kuanzia lini, na ushahidi uko katika waraka gani, ukurasa gani. Tumia alama tatu tu, bora, vilevile, mbaya zaidi, kwa mambo sita: mshahara halisi, kodi na makato, huduma, sheria ya kazi, ukaguzi na mahakama, uhuru wa kujumuika. Usizijumlishe kuwa alama moja, kwa sababu nyongeza ya mshahara haifuti kukamatwa kwa viongozi wa mgomo. Ukikuta safu ya mtumishi wa umma imejaa "bora" na ya kibarua imejaa "mbaya zaidi", umejua chama kinawahudumia wafanyakazi gani, na mara nyingi hao ndio wanaohesabika kirahisi kwenye kura.

Kabla ya kutoa kazi yako, mpe mtu anayekipenda chama hicho na mwingine anayekichukia. Kila mmoja akuoneshe namba moja anayoona si sahihi, nawe urudi kwenye waraka wa awali, si kwenye gazeti lililounukuu. Kisha chagua maswali matatu ambayo hesabu yako imeyafichua, kwa mfano tarehe ya kanuni ambazo hazijatungwa, kiwango cha faini, na deni la mfuko wa mafao. Mpelekee mbunge kwa maandishi, na nakala kwa katibu wa chama cha wafanyakazi, ukitaja kifungu na ukurasa, ukiomba jibu lenye tarehe. Hifadhi barua na jibu pamoja na jedwali. Bajeti ijayo ikisomwa, rudia hesabu kwa fomula zilezile na uzito uleule. Ukibadilisha vipimo katikati, ulinganisho wote utakuwa umeharibika.